Nani Ampe Tuzo Mwandishi wa Goma?

Alhamisi ya tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kiitwacho MV Merdi kilizama katika ziwa Kivu kikitokea Minova, abiria wakiwa wameshaiona bandari ya Kituku, Goma, mbele yao. Waliokuwa ufukweni walikiona kikilala ubavu. Barabara ya Sake kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzoni mwa mwaka huo, kwa hiyo kila kilichozoea kupita kwenye lori kilihamia majini: watu, ndizi, maharage, makaa. Chombo kilijaa kupita kiasi, na orodha ya kuaminika ya waliopanda haikuwepo. Siku zilizofuata, idadi za waliokufa zilizotajwa na wakubwa zilipishana mno.

Mwenzangu mmoja wa redio alishinda Kituku na daftari la shule. Alikuwa amelipiga mistari likawa na safu tatu. Ya kwanza jina. Ya pili mtu alikotoka. Juu ya safu ya tatu aliandika kwa herufi kubwa: NANI AMENIAMBIA. Mama aliyekuja kumtafuta mwanawe alipata mstari wake, na kwenye safu ya tatu ikaandikwa «mama mzazi, mwenyewe». Mpakuzi aliyesema kuna fulani ametolewa majini aliandikwa «kasikia kwa mwingine». Jina lisilo na kitu cha maana katika safu ya tatu halikusomwa hewani.

Daftari hilo hunijia kila ninaposikia habari za hafla ya tuzo za waandishi. Uingereza magazeti ya mikoani yana tuzo zao za kila mwaka, na gazeti la mji mdogo hupimwa na magazeti ya miji midogo mingine badala ya kusukumwa ulingoni na magazeti ya London. Marekani tuzo za Pulitzer zimetolewa tangu 1917, na zina fungu la habari za mahali. Tanzania wana EJAT, tuzo za umahiri zilizoasisiwa 2009 chini ya Baraza la Habari. Kenya wana za Baraza la Habari lao, Uganda wana za kituo cha ACME. Goma mashirika huandaa mashindano ya hapa na pale, mradi ukiisha nayo yanakwisha. Tuzo ambayo mama wa soko la Virunga anaijua kwa jina, na kuingoja kila mwaka kama anavyongoja matokeo ya mtihani wa serikali wa watoto wake, sijaiona bado. Nataka kulitazama jambo hili lote kwa mapana yake: nini kingepimwa, nani angepima, kwa lugha gani, kwa fedha ya nani, na chini ya utawala upi.

Kwanza lazima tukubaliane gazeti ni nini kwetu. Zama za Mobutu kila mji mkubwa wa Zaire ulikuwa na gazeti lake, na ukanda wetu wa Kiswahili uliyapa majina ya Kiswahili: Bukavu walisoma Jua, Lubumbashi walisoma Mjumbe na Taifa. Kisangani walikuwa na Boyoma. Yalikuwa magazeti ya chama na dola, hilo halina ubishi, lakini yalikuwepo, yana kurasa, yanafungiwa sukari na kuhifadhiwa chini ya godoro. Dola ilipodhoofika na magazeti hayo yakadhoofika. Uhuru wa vyama uliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakazaliwa mengine madogo, na mengi yalikufa kwa sababu zinazojulikana na kila aliyejaribu: mtambo wa kuchapia uko mbali, karatasi inalipiwa kwa dola, barabara haipitiki, mfanyabiashara haoni kwa nini alipe tangazo, na msomaji mmoja hununua nakala wakaisoma watu kumi na watano.

Le Souverain la Bukavu, lililoanzishwa 1992, ndilo mfano unaoniuma zaidi. Solange Lusiku Nsimire alilichukua 2007 akiwa ametoka kwenye redio, akaliendesha miaka zaidi ya kumi katika mji usio na mtambo wa kuchapia gazeti. Kurasa zilipangwa Bukavu, zikachapwa mbali, zikarudi. Lilitoka fedha ilipopatikana. Les Coulisses la Nicaise Kibel'Bel Oka, lililofanya kazi Goma na Beni, lilipitia shida za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiunda tuzo ya magazeti ya Kivu Kaskazini leo na ukashikilia kwamba gazeti ni karatasi, utakodi ukumbi mkubwa kwa ajili ya washindani wachache sana.

Gazeti la Goma ni redio. Asubuhi katika Majengo au Birere habari hutoka kwenye simu iliyotundikwa dirishani, na dereva wa motari huipokea kwenye sikio moja huku sikio la pili likimsikiliza abiria. Radio Okapi ilianza 25 Februari 2002 ikiwa kazi ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, na ikatangaza kwa lugha tano. Kando yake kuna redio za makanisa kama Sauti ya Injili, kuna Pole FM, kuna redio za kijamii wilayani kama RACOU ya Rutshuru, na siku hizi kuna tovuti na makundi ya WhatsApp ambako mhariri, mwandishi na mgawaji ni mtu mmoja mwenye simu moja. Hilo ndilo gazeti letu la mkoa. Tuzo isiyolijua hilo itakuwa ya mji mwingine.

Tuzo zimewahi kufika Kivu, na kubwa. Mwaka 2009 Kibel'Bel Oka alipewa tuzo ya uhuru wa habari katika mashindano ya Afrika ya CNN na MultiChoice. Mwaka huo huo Chouchou Namegabe wa Bukavu, mwanzilishi wa chama cha wanawake wa vyombo vya habari cha Kivu Kusini, AFEM, alipata tuzo ya kimataifa ya Knight kule Marekani. Mwaka 2010 Radio Okapi ilitunukiwa na taasisi ya kimataifa ya wahariri, IPI. Mwaka 2014 ulikuwa wa ajabu: wanawake wawili wa mji mmoja, Bukavu, walipata tuzo kubwa mbili ndani ya miezi michache. Lusiku alipewa ile ya ujasiri ya IWMF, taasisi ya kimataifa ya wanawake wa habari, na Caddy Adzuba wa Radio Okapi akapewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya maelewano nchini Hispania. Sherehe zilikuwa New York, Oviedo, Vienna. Sisi tulizisikia redioni kama tunavyosikia habari za harusi ya ndugu aliye ng'ambo.

Yasome tena majina ya tuzo hizo. Uhuru. Ujasiri. Maelewano. Zote zinasifu hali ya mtu, kwamba aliendelea kufanya kazi mahali ambapo wengine wangekimbia. Sidharau sifa hiyo hata kidogo. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyo hiyo, aliuawa Novemba 2008. Patrick Kikuku Wilungula, aliyekuwa akifanya kazi Goma, aliuawa hapa hapa Goma Agosti 2007. Edmond Bahati, mratibu wa Radio Maria hapa Goma, alipigwa risasi Ndosho tarehe 27 Septemba 2024, siku sita tu kabla ya maafa ya Kituku. Anayesema kwamba kuandika habari Kivu kunahitaji moyo hasemi uongo.

Lakini moyo haukuandika safu ya tatu ya lile daftari. Aliyeiandika alifundishwa, au alijifundisha, kwamba jina la marehemu halisomwi kwa kusikia. Huo ni ufundi, na ufundi una daraja: kuna anayeujua sana, anayeujua kidogo, na asiyeujua kabisa. Jopo lililoko maelfu ya kilomita haliwezi kuupima. Halijui kwamba wiki ile mji ulikuwa na idadi tano za waliokufa, na kwamba redio moja ilikataa kutaja yoyote mpaka ijue imetoka kwa nani. Linachoweza kukiona kutoka mbali ni jeraha. Kwa hiyo linatunuku jeraha, na kidogo kidogo mwandishi kijana wa Goma anajifunza kwamba njia ya kuonekana ni kuumizwa, au angalau kusimulia jinsi alivyokaribia kuumizwa. Nimesoma barua za maombi ya tuzo ambazo zimejaa vitisho alivyopokea mwombaji, na kazi aliyoifanya imepewa aya moja mwishoni. Simlaumu aliyeandika hivyo. Amewaelewa vizuri wanaomsoma.

Tofauti iko wazi ukitazama tuzo moja ya Pulitzer ya 2017. Storm Lake Times lilikuwa gazeti la mji mdogo wa Iowa, la familia, lililokuwa likitoka mara mbili kwa juma na kuuza nakala kama 3,000. Mhariri wake, Art Cullen, alishinda fungu la tahariri dhidi ya magazeti makubwa. Hakutekwa wala kufungwa. Alichofanya ni kuuliza swali la mkoani kabisa na kulirudia bila kuchoka: halmashauri za wilaya zimeshtakiwa kwa uchafuzi wa mito unaotokana na mbolea za mashamba, je, mawakili wao wanalipwa na nani? Aligundua kwamba nyuma ya malipo kulikuwa na fedha za wakubwa wa kilimo ambazo hazikutajwa hadharani. Badilisha mto kwa ziwa, badilisha mbolea kwa kodi za gatini, na hilo ni swali ambalo lingeweza kuulizwa Kituku asubuhi yoyote.

Upande wa picha kuna kisa ambacho watu wa Goma tunapaswa kukikumbuka zaidi kwa sababu kilitokea mikononi mwetu. Mfuko wa Carmignac wa Ufaransa hutoa kila mwaka tuzo ya picha za habari yenye ruzuku ya euro 50,000, na toleo la kumi na moja lililenga Kongo. Mshindi alikuwa Finbarr O'Reilly, mpiga picha aliyeshinda picha ya mwaka ya World Press Photo ya 2005. Alianza kazi nchini mwanzoni mwa 2020, na Machi mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona. Ingewezekana tuzo kusubiri mipaka ifunguliwe. Badala yake ikageuzwa kuwa kazi ya pamoja, na wapiga picha na waandishi wa Kongo wenyewe wakaanza kutuma taarifa wakiwa mitaani kwao. Wengi walikuwa wa Goma au wenye mizizi Kivu: Ley Uwera, Moses Sawasawa, Arlette Bashizi, Guerchom Ndebo, Bernadette Vivuya, Pamela Tulizo na wengine. Mwaka huo huo Tulizo alishinda pia tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana.

Ninaporudia picha zile naona kwamba kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Mpiga picha anayetoka nje hufika siku ya maafa, na kumlaumu kwa hilo si haki, kwa sababu ndiyo siku aliyotumwa. Mwenyeji amekuwepo siku iliyotangulia na atakuwepo siku inayofuata. Anajua mama aliyeko kwenye picha aliuza nini jana. Ilihitajika dunia nzima kusimama ndipo tuzo igundue kwamba watu wa kuifanya kazi hiyo walikuwa tayari wako Katindo na Himbi, kamera mkononi. World Press Photo nayo, iliyoanza 1955, iligawa mashindano yake kwa kanda kuanzia toleo la 2022, ili Mwafrika ashindanishwe kwanza na Waafrika wenzake. Mlango umefunguka kidogo, ingawa ufunguo ungali mikononi mwa wale wale.

Je, jirani zetu wameweza? Tanzania wana mengi ya kutufundisha, mazuri na mengine ya kuepuka. EJAT ina jambo moja kubwa: inarudi. Mwandishi wa Mbeya au Mtwara anajua kazi ya mwaka huu itapelekwa kwa majaji mwaka ujao, kwa hiyo anahifadhi nakala, anahifadhi sauti, anaanza mwezi wa pili kuwaza habari itakayohitaji miezi mitatu. Kule kurudi kila mwaka ndiko kunakofundisha, kuliko ngao yenyewe. Udhaifu wake ni mafungu. Mengi yamekuwa ya mada, afya, jinsia, mazingira, kilimo, watoto, na mada huwa na mfadhili anayeipenda. Mwandishi mwerevu husoma orodha ya mafungu kabla ya kusoma mji wake. Habari isiyo na fungu, kama ile ya mawakili wa Iowa, hukosa pa kuingilia.

Muungano wa vilabu vya waandishi, UTPC, una tuzo nyingine inayobeba jina la Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa aliyeuawa kijijini Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini. Ilipewa Absalom Kibanda aliyeshambuliwa 2013, na baadaye ikapewa Azory Gwanda wa Mwananchi, mwandishi wa mkoani aliyetoweka Kibiti Novemba 2017. Hiyo ni tuzo ya ujasiri kama zile za ng'ambo, lakini iliyotolewa na wenzake waliomjua, na uzito wake ni mwingine. Siku hizi kuna pia Samia Kalamu Awards, zinazobeba jina la rais aliyeko madarakani. Nasema wazi kwamba kwa maoni yangu hilo ni kosa, hata majaji wawe waadilifu kiasi gani. Mwandishi anayepokea ngao yenye jina la mkubwa ataulizwa na wasikilizaji wake, siku atakayomwandika mkubwa huyo, na swali hilo halitakuwa na jibu zuri.

Goma jina ni tatizo zito zaidi kuliko Dodoma. Mji wetu umebadilisha mabwana mara nyingi. Kati ya 1998 na 2003 ulikuwa makao ya waasi wa RCD. Novemba 2012 waasi wa M23 waliushika siku kumi na moja. Mwishoni mwa Januari 2025 wakaushika tena, safari hii wakiwa ndani ya muungano wa AFC, na wakakaa. Redio nyingi za Masisi na Rutshuru zilikuwa zimeshaporwa au kunyamazishwa kadiri vita vilivyosogea. Waandishi wengi walivuka kwenda nchi jirani au Kinshasa, wengine walibaki na kujifunza upya ni maneno gani yanatamkika. Huku nyuma, serikali ya Kinshasa ilikuwa imeshafuta vibali vya Al Jazeera mapema Januari baada ya kituo hicho kumhoji kiongozi wa M23. Mwandishi wa Goma akawa katikati: akitaja jina la mwenye mji namna moja ana kesi upande huu, akilitaja namna nyingine ana kesi upande ule.

Sasa fikiria tuzo katika hali hiyo. Ikitolewa na Kinshasa, mshindi aliyeko Goma ametiwa alama. Ikitolewa na wenye mji, mshindi ametiwa alama nyingine. Ikitolewa na shirika la kigeni, pande zote mbili zitauliza ni nani amemtuma. Hafla yenyewe, taa, kapeti, kamera, jina likisomwa kwa sauti, ni hatari kwa mtu anayerudi nyumbani Ndosho usiku. Hii ndiyo sababu naona aibu kidogo watu wanapozungumzia tuzo kama jambo la ukumbi. Kwetu huenda tuzo nzuri ni ile inayoweza kutolewa kimyakimya, kwa kazi badala ya kwa mtu, na kwa redio nzima badala ya sauti moja. Redio nzima ni vigumu zaidi kuitafuta usiku.

Fedha nayo isemwe bila kuona haya. Kila mwandishi wa Kongo analijua neno coupage. Ni kile anachopewa na mwenye shughuli baada ya mkutano na waandishi: nauli, chakula, asante, liite upendavyo. Tanzania wanaita bahasha. Mwajiri halipi, au hulipa kwa kuchelewa, na mwandishi ana kodi ya nyumba na bidoni za maji za kununua, kwa hiyo mwenye shughuli anakuwa mwajiri wa kweli. Matokeo yake ni kwamba habari yenye mwenyewe hutangazwa na isiyo na mwenyewe hukosa mtu. Warsha ina coupage. Bei ya maharage haina. Maafa ya Kituku hayakuwa na mwenye kulipa nauli, na aliyekwenda na daftari alikwenda kwa miguu.

Tuzo inayokuja mara moja kwa mwaka na hundi kubwa haigusi hesabu hiyo. Mshindi mmoja hulipa madeni, anajenga chumba, na mara nyingi anapata kazi ya msemaji wa shirika, maana tuzo ni cheti cha kuondokea. Nimeshuhudia redio zikimpoteza mtu wao bora namna hiyo na kubaki na picha ya ukutani. Ingekuwa afadhali fedha ile ile ikatwe vipande vya miezi kumi na miwili: nauli ya chombo kwenda Minova na kurudi, betri ya jua, mafuta ya jenereta, malipo ya intaneti, vifurushi vya kupigia simu ili kuthibitisha. Na itoke mahali pasipokauka kwa amri ya mtu mmoja. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya redio iliyotegemea mashirika kama Internews ikatikisika wiki ile ile ambayo M23 walikuwa wakisogea Goma. Redio za Kivu zilipigwa pande mbili kwa mwezi mmoja.

Najua jibu la haraka: wasikilizaji ni maskini, watachangaje? Lakini wanachanga. Wanachangia mazishi, harusi, kanisa, likirimba (upatu) la kila wiki. Redio ya kijamii ambayo imewaambia ukweli kuhusu njia ya kukimbilia wataichangia pia, kwa franga mia tano mia tano, wakijua kwamba fedha inakwenda kwa aliyewahi kuwafaa.

Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Mji uliokumbuka lava ya 17 Januari 2002 iliyopita katikati ya maduka ulianza kutembea gizani kabla ya mkubwa yeyote kusema neno. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Katikati ya tarehe hizo mbili uvumi ulikuwa mwingi kuliko majivu: kwamba ziwa litalipuka, kwamba mlima utapasuka upande wa pili, kwamba gesi imeshafika Himbi. Aliyefanya kazi nzuri siku zile ni yule aliyempigia mtaalamu wa kituo cha volkano, akamwuliza, akamwuliza tena, kisha akageuza jibu la Kifaransa cha maabara kuwa Kiswahili cha mama anayekimbilia Sake na watoto wanne. Neno mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watoto bila harufu, lilikuwa letu tangu zamani na wanasayansi ndio waliolichukua kwetu. Siku ile lilirudi redioni na likafanya kazi yake: usilale bondeni, usimwache mtoto achezee shimoni, mbwa akianguka usimfuate.

Kazi hiyo haikuwa na fungu katika tuzo yoyote ninayoijua. Na hata ingekuwa nalo, fomu ingetaka tafsiri ya Kifaransa au Kiingereza, pamoja na ukurasa na tarehe ya kuchapishwa. Mwenye redio ya Rutshuru angetafuta sauti kwenye simu iliyojaa na kukuta imefutwa ili kupisha sauti ya siku iliyofuata. Kiswahili chetu cha Goma, chenye Kifaransa ndani yake, na lugha za vilimani, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, ndizo lugha ambazo habari hufanyiwa kazi. Majaji wanaohitaji mkalimani watapima mkalimani. Kwa hiyo jopo lazima lijue lugha kwa kuisikia. Ningependa liwe na mwuza samaki wa Kituku, mwalimu wa msingi, muuguzi wa zahanati, fundi wa motari, na wahariri wawili tu, mmoja wao atoke Bukavu au Butembo ili asiwe na ndugu katika shindano. Wasikilize sauti bila kuambiwa ni ya redio gani. Waulizwe maswali matatu ambayo kila mtu anaweza kuyajibu: Ulielewa? Uliambiwa imetoka kwa nani? Ulifanya nini baada ya kusikia?

Na liwepo fungu moja ambalo sijaliona popote, la masahihisho. Redio iliyokosea na kurudi hewani saa ile ile, kwa sauti ile ile, kusema imekosea, ipimwe na iheshimiwe kwa kurudi huko. Katika mji ambao kosa moja la idadi linaweza kuwasha mtaa, au kumfanya mama aanze matanga ya mtoto aliye hai, sijui kazi nyingine ngumu kuliko hiyo. Wahariri wengi huikwepa. Husema msikilizaji amesahau, au kwamba kurudia ni kujidhalilisha mbele ya redio nyingine.

Siku ya tatu Kituku nilimkuta yule mwenzangu amekaa juu ya gunia la makaa, daftari magotini, kalamu ikiwa imeanza kugoma. Alinionyesha mstari mmoja katikati ya ukurasa. Jina lilikuwa limesomwa jioni ya kwanza miongoni mwa waliozama, kwa sababu safu ya tatu ilisema «mjomba, mwenyewe», na mjomba alikuwa ameona maiti aliyefanana naye. Sasa jina lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika: «Yuko hai, hakupanda. Shangazi, kwa simu kutoka Minova. Nimezungumza na kijana mwenyewe.» Jioni hiyo, katika taarifa ya saa kumi na mbili, alisoma masahihisho kwanza, kabla ya habari za gavana.